Vyungu vya Kura Sallowcombe

Ambrose Tiley alikuwa amepeleleza mauaji London, wizi wa farasi Bristol, na mambo ya wakubwa yasiyosemwa mbele ya watoto. Lakini alipomaliza kona ya mwisho na mtaa mkuu wa Sallowcombe ukafunguka mbele yake, alivuta hatamu, farasi akasimama, na yeye akabaki mdomo wazi.

Mtaa mzima ulikuwa unapika nje.

Kila mlango ulikuwa na moto mbele yake, na kila moto ulikuwa na chungu cha chuma. Meza zilikuwa zimetolewa barabarani, viti pia, hata saa ya ukutani mmoja aliitoa akaiegemeza kwenye ndoo. Wanaume walikaa mbele ya sahani zao na mashati ya Jumapili, ilhali ilikuwa Alhamisi, wakila polepole bila kucheka, kama watu walio kanisani. Mvuke wa kabichi na nyama ya nguruwe ulipanda kwenye mapaa ya nyasi, ukaungana juu, ukaufunika mtaa wote kama shuka iliyotoka kufuliwa.

"Kuna harusi?" Tiley alimwuliza mwanamke aliyekuwa akikoroga chungu kwenye mlango wa kwanza.

"Kura," mwanamke alijibu bila kuinua macho. "Kesho tunachagua wabunge. Leo tunaonyesha meko."

Tiley alikuwa amesomewa sheria hiyo London, ofisini kwa mwanasheria, akadhani ni mzaha wa watu waliokunywa. Mwanamume wa Sallowcombe hakuulizwa ana shamba kubwa kiasi gani. Aliulizwa jambo moja tu: je, una meko yako, na unachemsha chungu chako mwenyewe, bila kulishwa na mtu? Ukiwa nayo kwa miezi sita, una kura. Kwa vyungu hivyo, mji huu usioweza kulijaza hata kanisa lake ulikuwa ukipeleka wabunge wawili London tangu enzi za wafalme ambao makaburi yao yameota majani. Na miji mipya ya viwanda, yenye watu kama siafu, haikuwa na hata mmoja.

Kusomewa ni kitu kimoja. Kuuona mvuke ule ni kitu kingine.

"Na mwenye chungu hiki yuko wapi?" aliuliza. Kiti cha mezani kilikuwa kitupu, sahani imewekwa, kijiko kimewekwa.

"Korokoroni." Sasa mwanamke aliinua macho. "Wewe ndiye yule mtu wa London?"

"Ndimi. Nawe, kwa nilivyoambiwa njiani, ni Bi Thirza Coate."

"Basi unajua. Jumatatu wanampeleka mume wangu Jabez jela ya wilaya, na kutoka huko ni mahakama, na kutoka mahakama ni kamba. Mchoma nyumba hunyongwa. Unajua hilo, au London mnawasamehe?"

"Hatuwasamehi." Tiley alishuka kwenye farasi. "Lakini Bi Thirza, nisikudanganye. Mimi nimetumwa na Bwana Dampier, yule mfanyabiashara wa sufu anayegombea dhidi ya watu wa Lord Ashwick. Nimetumwa kutafuta kura bandia. Sikutumwa kumwokoa mtu."

"Katafute, basi. Nyumba zilizoungua ndizo hizo kura zako." Alikoroga kwa hasira mpaka mchuzi ukamwagikia moto. "Ukijua kilichozichoma, utarudi hapa mwenyewe, wala sitakuita."

"Wanasema alionekana juu ya paa."

"Alikuwa juu ya paa. Nani kakataa? Jabez ni mwezekaji, juu ya mapaa ndiko anakoishi, chini anashuka kula tu. Swali si alikuwa wapi. Swali ni alikuwa akifanya nini."

Tiley alimpa hatamu ashike farasi, akaenda.

*

Nyumba Mpya, kama zilivyoitwa, zilikuwa saba kwa mstari mmoja, zimejengwa mwaka uliopita na Lord Ashwick kwenye uchochoro nyuma ya mtaa. Sita zilikuwa majivu. Ya saba, ya mwisho, ilikuwa imesimama na kufuli mlangoni.

Bwana Crispin Lock, wakala wa Lord Ashwick, alikuwa anamsubiri Tiley na birika la pombe ya matofaa mkononi. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Karibu, Bwana Tiley, karibu! Kunywa kwanza. Mpelelezi mwenye kiu huona mambo yasiyokuwepo."

"Na aliyelewa?"

"Huona mambo mawili mawili." Lock alicheka peke yake. "Haya, tazama upendavyo. Familia sita maskini, zimelala kwa ndugu zao, kwa sababu ya wivu wa mtu mmoja."

"Wivu wa nini?"

"Kazi. Nyumba hizi niliziezeka kwa mafundi wa mji wa Bath, si kwa Jabez Coate. Aliapa hadharani, pale baa, kwamba mapaa haya hayatamaliza mwaka. Jumanne mchana watu wanamwona juu na kulabu yake ndefu, anavuta nyasi, moto unamzunguka. Unataka nini zaidi?"

Tiley aliingia kwenye jivu la nyumba ya kwanza.

Alikuwa na desturi yake. Mahali palipoungua hakutazama kwanza kilichoungua, alitazama kilichobaki. Miimo ya mlango ilikuwa imebaki, imebabuka tu kwa juu. Ncha za chini za paa, pale ambapo mtu mwenye nia mbaya angesimama barabarani na kuchomeka mwenge, zilikuwa bado na nyasi za manjano. Lakini katikati ya nyumba, upande wa meko, hakukuwa na kitu. Rundo la matofali tu.

Akaenda ya pili. Vilevile. Ya tatu vilevile.

"Bwana Lock, umewahi kuona nyumba ikiungua?"

"Nimeona hizi."

"Nyingine?"

"Mbili tatu."

"Nini kilibaki kimesimama?"

Lock alikunywa funda moja kabla ya kujibu. "Kuta."

"Na dohani," Tiley alisema. "Bomba la moshi. Nyumba ikiungua yote, paa likaanguka, dohani hubaki imesimama kama mtu aliyesahaulika na wenzake. Imejengwa kwa matofali kutoka chini hadi juu, na moto ni mwenzake wa kila siku. Lakini hapa milango imesimama, dohani zimelala."

"Mafundi wabovu."

"Wale wa Bath?"

Lock hakucheka safari hii.

Tiley aliinama akaondoa matofali kwenye meko ya nne. Chini yake kulikuwa na chungu cha chuma, kimepasuka ukingoni. Alikigeuza. Alirudi ya tatu akafukua, akakuta kingine, na kwenye zile nyingine vivyo hivyo. Vyungu vyote vilikuwa vya ukubwa mmoja, vipya, na matako yao yalikuwa na weusi mwembamba wa siku moja tu, si lile gamba la masizi ambalo mama mwenye nyumba hulikwangua kwa kisu kila Pasaka. Alipitisha kidole ndani. Hapakuwa na mafuta yaliyogandia wala mfupa, hata ganda la njegere.

"Walikuwa wakipika nini Jumanne, familia zako sita?"

"Mimi si mpishi wao."

"Walikuwa wakichemsha maji matupu, nyumba sita kwa wakati mmoja."

"Bwana Tiley," Lock alisema, na ile sauti ya kubembeleza ikamtoka kama koti, "umetumwa kwa ajili ya kura. Nyumba zimeungua, kura sita za Lord Ashwick zimeungua nazo. Bwana wako Dampier amepata faida bila jasho. Rudi London ukalipwe. Habari ya Coate ni ya hakimu."

"Nifungulie ya saba nione."

"Mwenyewe, Gapper, hayupo. Siwezi kufungua nyumba ya mtu."

*

Ng'ambo ya uchochoro, kibanda kimoja cha fundi viatu kilikuwa na dirisha lililotazama moja kwa moja Nyumba Mpya. Mwenyewe, Uriah Vowles, alikuwa ametoa meza yake nje kama wenzake, lakini kazi aliendelea nayo ndani, kiatu gotini, misumari mdomoni. Nyuma yake meko yake yaliwaka. Jiwe la mbele lilikuwa limelika katikati likawa kama bakuli, kwa miguu ya watu waliosimama pale kukoroga, vizazi na vizazi.

"Najua unachotaka kuuliza," Vowles alisema akitema msumari mkononi, "na mimi sikuona kitu."

"Sijauliza."

"Nimekurahisishia." Alipiga nyundo mara mbili. "Kitendawili."

Tiley alishangaa, lakini adabu ni adabu. "Tega."

"Babu alimkuta, baba alimkuta, nami nimemkuta. Wote anatuzika, na kila siku anakula, na hashibi."

Tiley aliwaza. "Ardhi?"

"Hapana."

"Bahari?"

"Bahari iko wapi hapa? Nipe mji."

"Haya, nakupa Sallowcombe."

Vowles aliangua kicheko kikavu, akanyoosha nyundo dirishani, kuelekea kilima kilichokuwa na jumba kubwa la madirisha mengi. "Huwezi kunipa huo, bwana. Una mwenyewe. Babu yake aliununua nyumba kwa nyumba, na tangu hapo kila mbunge wa mji huu ni mtoto wake, au shemeji yake, au mdeni wake. Mara tatu tu tumeshindana naye. Mara ya mwisho ndugu yangu Seth alithubutu kumpa kura mtu mwingine. Siku ya pili watu wa Lord Ashwick walikuja na nyundo kubwa, wakavunja meko yake mbele ya macho yake. Hawakuvunja nyumba. Meko tu. Asiye na meko hana kura." Akageukia moto wake. "Jibu ni huyu hapa. Haujazimika tangu babu wa babu yangu. Tunaufukia majivu usiku, asubuhi tunaupuliza. Yeye alimchagua mbunge kwa moto huuhuu."

Tiley aliutazama ule moto kwa muda. Alikuwa amewahi kuingia Bungeni London, akaona dari zake na watu wake wenye vitambaa vyeupe shingoni, na hakuhisi alichokihisi sasa mbele ya makaa ya fundi viatu.

"Na nyumba hii?" aliuliza kwa upole. "Ni yako?"

"Ni ya Lord Ashwick."

"Kwa hiyo ukisema ulichoona Jumanne…"

"Sikuona kitu." Nyundo ikashuka, ikapiga kidole. Vowles alikitia mdomoni bila kulalamika.

"Jabez ni rafiki yako?"

"Nilisimamia ndoa yake."

"Jambo moja tu basi, halihusiani na Jumanne. Katika miezi sita, ni mara ngapi uliona moshi ukitoka Nyumba Mpya?"

Vowles alishona matundu mawili kwanza. "Watu wa Dampier walilalamika hilohilo," alisema mwishowe. "Walimwambia msimamizi wa uchaguzi kwamba nyumba zile hazijawahi kutoa moshi. Msimamizi akasema atapita Jumanne mchana aone mwenyewe. Hilo lilitangazwa kanisani, si siri."

"Asante," Tiley alisema.

"Sijakwambia kitu."

"Hujaniambia kitu."

*

Ngazi ya Jabez ilikuwa bado imeegemea nyuma ya nyumba ya saba, hakuna aliyejali kuiondoa. Kulabu yake ilikuwa chini, mpini mrefu, chuma kikali mwishoni. Tiley alipanda.

Juu alikuta alichotarajia na asichotarajia. Alichotarajia ni hiki: kati ya nyumba ya sita iliyoungua na ya saba iliyopona, nyasi zilikuwa zimekatwa mstari mmoja ulionyooka, upana wa mikono miwili iliyotandazwa, zikavutwa zikatupwa chini. Mtu hachomi paa kwa kulikata. Hulikata ili moto ukose daraja. Jabez Coate alisimama hapa moto ukimjia usoni, akakata, na kwa sababu hiyo mtaa mkuu wenye mapaa ya nyasi ulikuwa bado upo, na leo ulikuwa unapika.

Asichotarajia alikiona alipoingiza kichwa kwenye ule mkato. Juu ya paa, pale watu wa chini wanapoona, dohani ya Gapper ilikuwa ya matofali mazuri mekundu. Chini ya paa, pasipoonekana, matofali yalikoma. Yalikuwa yamekalia boriti ya mti. Na kutoka kwenye boriti hiyo kwenda chini hadi kwenye meko ni fito tu, zimesukwa kama tenga na kupakwa chokaa. Chokaa ilikuwa nyeupe kama ya jana. Hakukuwa na chembe ya masizi.

Tiley alikaa pale juu akishikilia ngazi. Ilikuwa dohani ya kutazamwa, na meko ya kuapia. Nyumba saba zilijengwa ili zitoe wanaume saba wa kuapa kwamba wanachemsha vyungu, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba siku moja mtu atasema: haya, chemsheni.

Chini yake mtaa uliendelea kutoa mvuke, moto wa kweli baada ya moto wa kweli, mpaka kanisani.

*

Hakimu wa Sallowcombe alikuwa pia kasisi wake, Mchungaji Peregrine Holt, mzee mrefu aliyechukia kusumbuliwa akila. Alikuja uchochoroni na kitambaa cha mezani bado shingoni. Watu waliacha sahani zao wakaja nyuma yake, mmoja mmoja, mpaka uchochoro ukajaa. Thirza Coate alikuja na chungu chake mkononi, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia.

"Unasema nini, Bwana Tiley?" Mchungaji Holt aliuliza. "Kwa kifupi. Nyama inapoa."

"Nasema Jabez Coate hakuchoma nyumba. Nyumba zilijichoma. Zililazimishwa kutoa moshi Jumanne kwa ajili ya msimamizi, na hazikujengwa kwa ajili ya moto. Na sina shahidi."

"Huna shahidi!" Lock alipiga makofi. "Mmesikia? Mtu wa London hana shahidi."

"Nina nyumba ya saba. Bwana Lock ataapa kwamba Gapper amepika humo miezi sita?"

"Gapper mwenyewe ameapa. Yule pale. Mwulize."

Gapper, kijana mwembamba mwenye koti la kuazima, aliitikia kwa kichwa.

"Umekuwa ukipika nini, Bwana Gapper?" Tiley aliuliza.

"Vyakula."

Watu wakacheka. Mmoja akapiga kelele, "Mwulize mlango unafungukia ndani au nje!"

"Basi apike sasa," Tiley alisema. "Mbele yetu, chungu kimoja. Kikichemka, nitaomba radhi na nitarudi London leo hii. Bwana Lock akikataa, Mchungaji, naomba uandike kwamba amekataa."

Alitegemea Lock akatae. Hata hivyo alikuwa ameishika kulabu ya Jabez mkononi.

Lock aliyatazama macho ya watu. Kukataa ni kusema nyumba si nyumba. "Gapper, washa."

"Siingii humo," Gapper alisema.

"Washa, nimesema!"

"Washa wewe. Mimi nina mke Bath."

Lock alichota makaa kwa sepetu kutoka moto wa jirani, akafungua kufuli, akaingia mwenyewe. Alihesabu kwamba moto mdogo wa dakika chache hautafika popote. Muda si muda moshi mwembamba wa buluu ukatoka juu ya matofali mekundu, na yeye akatoka mlangoni akijipangusa mikono.

"Mnaona? Moshi. Sawasawa na wa kwenu."

"Bado," Tiley alisema. "Chungu hakijachemka. Sheria ya mji huu haisemi moshi. Inasema kichemke."

Mchungaji Holt alikivua kitambaa shingoni polepole. "Hiyo ni kweli," alisema. "Tutangoja."

Wakangoja. Sijui kama mji wowote umewahi kungoja maji namna ile. Watu wote wale, na hakuna aliyekohoa. Moshi uliokuwa wa buluu ukawa wa kijivu. Kisha ukaacha kutoka juu ya dohani peke yake, ukaanza kutoka pembeni, katikati ya nyasi, kama jasho.

Lock aliuona. Alirudi nyuma hatua mbili kutoka mlangoni.

"Zimeni!"

Sauti ilitoka nyuma. Uriah Vowles alikuwa anasukuma watu kwa viwiko. "Zimeni, wapumbavu nyie! Upepo unakuja huku! Utaunguza mtaa wote, vilevile kama…"

Alisimama.

"Kama nini, Bwana Vowles?" Tiley aliuliza.

Vowles aliutazama mlango wake mwenyewe, hatua chache kutoka pale, na moto ulioonekana ndani yake. Aliutazama vile mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Kama Jumanne," alisema.

Ulimi wa kwanza wa moto ukatoka paani. Thirza Coate ndiye aliyetangulia: alikimbia na chungu chake, akaingia mlangoni, akamwaga chote kwenye meko, kabichi, nyama na mchuzi. Ndipo mtaa ukazinduka. Wanaume walirudi wakakimbia tena na vyungu vyao, chakula chao cha kura, wakakirusha juu ya paa, huku Tiley akivuta nyasi kwa kulabu na viazi vikimdondokea kichwani. Moto ulikufa kwa mlio wa karaha. Boriti ilianguka, na matofali mazuri mekundu yakaifuata, yakalala juu ya chungu cha Gapper mbele ya macho ya hakimu.

Mchungaji Holt aliingia, akatazama zile fito, akatoka.

"Sema, Uriah."

"Lock alipita nyumba hadi nyumba mchana ule na makaa," Vowles alisema. "Aliwaambia waweke maji na watoe moshi mwingi. Dohani ya tatu ndiyo iliyoanza, kabla hajaifikia ya saba. Moto ulitoka pale pale kwenye matofali, kutoka ndani. Kisha wote wakakimbia, naye Lock mbele yao. Jabez alikuwa anapita na ngazi yake. Alipanda wenzake wakikimbia. Niliona yote. Nilikuwa dirishani."

"Vowles," Lock alisema kwa sauti ya chini, "kabla ya Jumapili utatafuta pa kuinjika chungu chako."

"Najua."

"Uriah," kasisi alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "mimi nitaandika maneno haya na yatakwenda Bungeni. London wana mswada wa kuinyang'anya wabunge miji kama huu wetu. Wanatafuta sababu tu. Wewe unawapa. Nataka ujue unachokiapa."

Mtaa wote ulimtazama fundi viatu. Kila mwanamume pale alikuwa ameirithi kura yake kwa baba, na baba kwa babu.

"Najua," Vowles alisema tena. "Mfungulie Jabez."

*

Uchaguzi ulifanyika Ijumaa, kwa kuwa sheria ilikuwa bado ni sheria. Jukwaa la mbao lilijengwa mbele ya kanisa. Kura zilipigwa kama zilivyopigwa siku zote, kwa mdomo na kwa sauti, mbele ya kila mtu, na Bwana Lock alisimama chini ya jukwaa akimkazia macho kila apandaye.

Wa kwanza walikuwa watumishi wa Lord Ashwick, wakawataja watu wa Lord Ashwick. Kisha akapanda Uriah Vowles. Alfajiri ile nyundo kubwa zilikuwa zimepita kwake. Makaa yake aliyabeba kwenye ndoo, yakawa nyumbani kwa Thirza.

"Jina?"

"Uriah Vowles. Fundi viatu. Jana nilikuwa na meko, na mmeyaona."

"Unampa nani?" msimamizi aliuliza.

"Jabez Coate."

Msimamizi alishusha kalamu. "Huyo si mgombea."

"Nimesikia."

"Kura yako itapotea, mzee."

"Ni yangu. Acha ipotee."

Akashuka. Akapanda mwokaji mikate. "Jabez Coate." Akapanda mtengeneza mapipa. "Jabez Coate." Walipanda mmoja baada ya mwingine na mashati yao ya Jumapili, wakalitaja jina la mwezekaji bila kupaza sauti wala kumtazama Lock, na kila jina lilidondoka kwenye ukimya. Bwana Dampier, aliyemlipa Tiley, alimvuta mkono wa koti kwa hasira.

"Fanya kitu!" alimnong'oneza. "Wanazitupa! Nimekuleta hapa nishinde!"

"Umeshindwa, bwana," Tiley alisema. Hakumgeukia. Hakutaka kukosa hata mmoja.

Watu wa Lord Ashwick waliingia Bungeni kwa kura za watumishi wake wachache, na ndio waliokuwa wabunge wa mwisho wa Sallowcombe, maana mwaka uliofuata jina la mji lilifutwa Bungeni na halikurudi tena. Lakini mchana ule hakuna aliyekuwa akiwahesabu. Mtu wa mwisho kwenye mstari alikuwa amefika juu, mikono imefungwa vitambaa hadi kwenye viwiko, nyusi zimeungua.

Msimamizi alikuwa amechoka. "Jina lako nimelisikia asubuhi nzima. Na wewe je? Utajipa mwenyewe?"

Jabez Coate alitazama chini, akamtafuta mtu mmoja katikati ya watu, akampata.

"Uriah Vowles," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kilimani.